Kusisimka, Kuogopa na Kicho: Ngano ya Kijerumani katika Ulimwengu wa Visasili vya Kaskazini

Wafasiri wetu wamezoea kujadiliana juu ya istilahi za sheria, za ufundi na za utawala. Ni nadra kuwasikia wakijadiliana juu ya istilahi za ngano. Hudhaniwa kwamba ngano ni mambo ya watoto, na kwamba maneno yake yamo tayari vinywani mwa bibi zetu. Dhana hiyo haidhuru maadamu ngano imebaki mahali pake. Inapohamishwa na kutiwa katika visasili vya taifa jingine, maneno yale yale yaliyokuwa mepesi huwa mazito, na mfasiri asiyekuwa mwangalifu hujikuta amewavunjia watu heshima, amewachanganya waumini, au amelipoteza hilo hilo lililofanya hadithi isimuliwe tangu mwanzo. Makala haya yanachunguza mfano mmoja wa uhamisho wa namna hiyo, nao ni tamthilia ya kuimbwa iitwayo "Siegfried" ya Mjerumani Richard Wagner. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Bayreuth tarehe 16 Agosti 1876, ikiwa ya tatu katika mfululizo wa tamthilia nne ziitwazo kwa pamoja "Der Ring des Nibelungen", yaani Pete ya Mnibelungi.

Tuanze na ngano yenyewe. Katika mkusanyo wa ndugu Jacob na Wilhelm Grimm, ambao juzuu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1812, ngano ya nne inahusu kijana aliyetoka kwao kwenda kujifunza kuogopa. Kama ilivyo katika chapa ya 1819, baba alikuwa na wana wawili. Mkubwa alikuwa mwerevu, lakini akitumwa usiku kupita makaburini husema kwamba mwili unamsisimka. Mdogo, ambaye wote walimhesabu mjinga, alilisikia neno hilo akastaajabu: huo nao ni ufundi asioujua. Mtunza kanisa akajifanya mzuka ili amfundishe. Kijana akamtupa chini ya ngazi akavunjika mguu. Akakesha chini ya mti wa kunyongea, akawaonea huruma maiti saba waliokuwa wakipigwa na upepo wa baridi, akawashusha waote moto. Nguo zao ziliposhika moto akawakemea kwa uzembe na kuwatundika tena. Akalala siku tatu katika ngome yenye mashetani, akacheza kwa mifupa na mafuvu ya watu baada ya kuyachonga mafuvu hayo yapate kuviringika vizuri, akashinda, akaozwa binti mfalme, na bado akawa analalamika kwamba hajui kusisimka. Hatimaye mtumishi wa mkewe akachota kijitoni ndoo ya maji iliyojaa visamaki, na usiku, kijana akiwa katika usingizi, mkewe akammwagia. Visamaki vikamrukaruka mwilini, naye akaamka akipiga kelele kwamba sasa amejua.

Mwezi Mei 1851 Wagner alikuwa akiishi uhamishoni Zürich, kwa sababu alishiriki katika maasi ya Dresden ya mwaka 1849. Alimwandikia rafiki yake Theodor Uhlig kwamba amegundua jambo lililomshtua: kijana huyu wa ngano ndiye Siegfried mwenyewe katika ujana wake. Mwezi uliofuata alikwisha kuandika shairi zima la tamthilia. Siegfried ndiye yule ambaye watu wa Aisilandi humwita Sigurðr, na habari zake zimo katika mashairi ya Edda, ambayo hati yake kuu iliandikwa yapata mwaka 1270 na kurudishwa Aisilandi kutoka Denmark mwaka 1971. Zimo pia katika Edda ya nathari ya Snorri Sturluson, aliyefariki mwaka 1241, na katika saga ya ukoo wa Völsungr. Sigurðr alilelewa na mhunzi Reginn, akamwua joka Fáfnir aliyelalia dhahabu, akaonja damu ya moyo wa joka akaelewa lugha ya ndege, kisha akapanda mlima akamkuta mwanamke mwenye deraa amelazwa usingizi na mungu Óðinn.

Wataalamu wetu wa fasihi simulizi wamekwisha kutuachia istilahi za kutosha za kupambanua tanzu hizi: ngano, kisasili, kisakale, mighani na kadhalika. Mara nyingi darasani huorodheshwa tu, mwanafunzi akazikariri. Mfano wa Wagner unaonyesha kwamba tofauti zake ni za kweli. Kijana wa Grimm hana jina, wala kijiji chake hakina jina. Hana nasaba, na kwa hiyo hana deni. Siegfried ana babu ambaye ni mungu, ana upanga uliovunjika mkononi mwa baba yake, ana pete yenye laana inayomngojea. Msomaji wa Kiswahili anaweza kuipima tofauti hiyo kwa kumkumbuka Fumo Liyongo: hakuna anayemsimulia Liyongo kwa "hapo zamani za kale paliondokea mtu". Husimuliwa kwa jina lake, kwa mji wake, na kwa sindano ya shaba iliyomwua. Kumchukua mjinga wa ngano na kumvika nasaba ya shujaa ni kumtoa katika nchi ambayo mambo huishia vema na kumpeleka katika nchi ambayo mwisho umekwisha kujulikana.

Mahali mshono wa kazi hii unapoonekana vizuri ni kwenye fuawe. Katika ngano, mzee mwenye ndevu ndefu anamtisha kijana kwa nguvu zake, akaipiga fuawe kwa shoka ikazama ardhini. Kijana naye akachukua shoka, akaipasua fuawe nyingine, akazibana ndevu za mzee humo. Katika saga, Sigurðr anaujaribu upanga Gramr kwa kuipasua fuawe ya Reginn mpaka chini. Wagner hakuhitaji kubuni chochote hapo, kwani fuawe ilikuwa pande zote mbili. Katika tamthilia yake, mwisho wa tendo la kwanza, kijana anaufua upya upanga wa baba yake na kuipasua fuawe, na mhunzi aliyemlea anaanguka chini kwa hofu. Ni kicheko cha ngano na ni fahari ya mighani kwa wakati mmoja, na kwa maoni yangu hakuna mahali pengine katika tamthilia hii ambapo tanzu hizi mbili zimekaa pamoja kwa raha kiasi hicho.

Sasa tuje kwenye neno. Jina la ngano katika Kijerumani lina kitenzi cha kawaida cha kuogopa. Lakini kijana mwenyewe, kila anapolalamika, hutumia kitenzi kingine, chenye maana ya mwili kupata baridi na malaika kusimama. Mfasiri anayeshika jina la ngano na kusahau maneno ya kijana ataandika "kuogopa" tangu mwanzo hadi mwisho, na atakapofika kwenye ndoo ya maji hadithi itamfia mikononi. Hakuna mtu anayeogopa visamaki. Mzaha wote unasimama juu ya neno moja lenye milango miwili, mmoja wa moyo na mmoja wa ngozi: kijana alitafuta mlango wa moyo dunia nzima asiuone, akaingizwa kwa mlango wa ngozi akiwa kitandani.

Kiswahili kina neno hilo. Kusisimka ni kwa hofu, na ni kwa baridi pia. Mtu husema mwili umemsisimka kwa kuona jeneza, na mwingine husema hivyo hivyo kwa kumwagiwa maji ya kisimani alfajiri. Kutetemeka hakufai, kwa sababu mgonjwa wa homa hutetemeka, na mzee hutetemeka mkono pasipo hofu wala baridi. Kugwaya ni kwa hofu peke yake. Kuzizima ni kwa baridi peke yake, japokuwa washairi wamekinyoosha. Shida ya kusisimka imeletwa na magazeti na matangazo ya redio, ambayo kwa miaka mingi yamekuwa yakiita kila mchezo wa mpira "wa kusisimua" na kila riwaya "ya kusisimua", hata kijana wa leo akisikia neno hili hufikiria furaha ya uwanjani. Mwalimu anayeisomesha ngano hii hana budi kutumia kauli kamili, "mwili kusisimka", walau mara mbili tatu za mwanzo, ili neno lirudi kwenye ngozi ambako lilizaliwa. Baada ya hapo linaweza kwenda peke yake.

Wagner kwa upande wake alilishika kitenzi cha kawaida cha kuogopa, akalifanya uti wa mgongo wa tamthilia yake. Mhunzi Mime anajua kwamba ni asiyejua kuogopa peke yake atakayeweza kuufua upanga ule, na kwamba kichwa chake yeye mwenyewe kitakatwa na huyo huyo. Kwa hiyo anajitahidi kumfundisha kijana hofu kama mwalimu afundishavyo hesabu: anamweleza giza la msitu, mtutumo unaokaribia, viungo vinavyotetemeka, moyo unaodunda. Kijana anasikiliza kwa hamu, akatamani kuyapata hayo. Anapelekwa kwa joka, akaliua, asijifunze kitu. Anaambiwa na ndege habari za mwanamke aliyelala juu ya mwamba uliozungukwa na moto, akaupita moto, akaikata deraa, akagundua kwamba aliyelala hapo si mwanamume; na hapo ndipo anaposhikwa na hofu kwa mara ya kwanza, akamwita mama yake ambaye hakupata kumwona.

Mfasiri akifika hapa atavutwa na neno "kicho". Ni neno zuri la zamani. Linachukua hofu pamoja na heshima, na asili yake ni kitenzi cha kucha ambacho siku hizi tunakisikia zaidi katika "mcha Mungu". Brünnhilde alikuwa mmoja wa mabinti wa mungu Wotan, naye alivuliwa uungu kwa adhabu. Nani astahiliye kicho kuliko yeye? Nakiri kwamba kishawishi ni kikubwa. Hata hivyo naona kicho kinampa msikilizaji jibu kabla kijana hajalitafuta. Uzuri wa mahali hapa ni kwamba kijana anadhani amefikiwa na lile lile aliloahidiwa na Mime jikoni, kwa neno lile lile, ilhali sisi tunajua limekwisha kuwa kitu kingine. Neno likibadilishwa, mnyororo umekatika. Kwa hiyo ningependekeza "kuogopa" kwa tamthilia nzima na "kusisimka" kwa ngano, na kicho kiachwe kwa wahakiki. Ni ajabu kidogo kwamba hadithi moja idai maneno mawili mbalimbali kwa jambo moja, lakini hayo ndiyo matokeo ya kuhama utanzu.

Kuhusu usingizi wenyewe nitasema machache. Ndugu Grimm walikwisha kuona kwamba binti wa ngano yao ya hamsini, aliyechomwa na kijiti cha kusokotea nyuzi akalala miaka 100 nyuma ya ua la miiba, anafanana na yule ambaye Óðinn alimchoma kwa mwiba wa usingizi. Katika shairi la Edda, Sigurðr anamwamsha kwa kuikata deraa kwa upanga, busu halimo. Wagner alilichukua busu kutoka katika ngano akaliweka baada ya upanga, na tena akaliondoa mwiba: katika tamthilia ya pili Wotan anamlaza binti yake kwa busu. Hapo ngano imeitengeneza kisasili, na imeitengeneza vizuri.

Tatizo zito kuliko yote kwa mfasiri wa Kiswahili ni Mime. Katika lugha za Ulaya yeye ni wa jamii ya viumbe wafupi waishio chini ya ardhi, na kamusi nyingi za lugha mbili zitamwelekeza mfasiri kwenye "mbilikimo". Lakini mbilikimo katika Kiswahili si kiumbe wa hadithi. Ndilo jina ambalo kwa miaka mingi watu wa pwani na wa bara wameliita Wambuti na Watwa wa misitu ya Kongo na nchi jirani, watu wenye majina yao, lugha zao na watoto wao shuleni. Mime ni mwoga, mlaghai, mwenye kusinzia huku akikusudia kumwekea sumu mtoto aliyemlea. Kumwita mbilikimo mbele ya darasa la Bukavu au la Bujumbura ni kumtukana mtoto aliyeketi dawati la pili. Na jambo hili lina historia mbaya zaidi. Mwaka 1850 Wagner alichapisha, kwa jina la bandia, makala ya kuwashutumu Wayahudi katika muziki, akayachapisha tena mwaka 1869 kwa jina lake mwenyewe. Na mhakiki Theodor Adorno alidai kwamba Mime amechorwa kwa dhihaka zile zile zilizokuwa zikitupiwa Wayahudi. Ikiwa mtunzi alimtia taifa moja katika sura ya mhunzi huyu, mfasiri asimtie taifa la pili.

"Kibete" nacho ni jina la binadamu wa kweli, wala hakitufai. Twende kwenye chanzo. Snorri asimulia kwamba viumbe hawa walitoka katika nyama ya Ymir, ambaye mwili wake ulifanywa dunia, na kwamba wanne kati yao wameishika mbingu katika pembe zake nne. Makao yao ni mawe na ardhi, kazi yao ni uhunzi, na silaha na vito vya miungu vimetoka mikononi mwao. Ni kweli kwamba Reginn anatajwa kuwa na kimo cha jamii hiyo, lakini kinachowatambulisha katika visasili ni ufundi. Napendekeza "wahunzi wa miambani" kwa visasili vya Kaskazini, na "Mnibelungi, Wanibelungi" kwa tamthilia za Wagner. Maneno hayo ni marefu kidogo kuliko mbilikimo, lakini hayamuumizi mtu.

Kwa joka, kinyume chake, Kiswahili kina bahati kuliko Kiingereza. Mtoto aliyeona picha za vitabu vya Ulaya hutarajia mnyama mwenye mbawa anayetema moto. Fáfnir wa Edda hana mbawa. Anatambaa kwenda kunywa maji, na anatema sumu. Neno wanalomwitia ni nyoka. Sigurðr alichimba shimo katika njia yake akamchoma kwa chini. Wagner naye alimwita kwa neno la kale lenye maana ya mtambaazi. Kwa hiyo "joka", yaani nyoka mkubwa, ni tafsiri sahihi kabisa, na wanaotaka kuandika "dragoni" wanaacha nguo nzuri nyumbani na kwenda kuazima kwa jirani.

"Majitu" ni tafsiri ya mazoea kwa jamii iliyo adui wa miungu, lakini katika Edda wake wa baadhi ya miungu, kama Gerðr na Skaði, ni wa jamii hiyo hiyo, na Gerðr anasifiwa kwa uzuri wa mikono yake iliyong'arisha bahari na mbingu. Huwezi kumwita bibi harusi jitu. "Mazimwi" ni vibaya zaidi, kwani zimwi letu hula watu. Afadhali waitwe Wayotuni, kama tunavyoita kabila lolote, na ukubwa wao utajwe pale unapohusika. Brünnhilde na ndugu zake wasiitwe malaika kwa hali yoyote; jina lao lina maana ya wenye kuteua waliouawa vitani, na "mteua-wafu" linatosha.

Limebaki neno la majaaliwa, na hapa waumini wa dini zetu watakuwa na haki ya kulalamika tukikosea. Majaaliwa yana mwenye kujaalia. Kudura ni ya Mwenyezi. Ajali, ambayo zamani ilikuwa siku ya mtu iliyopangwa, leo imekwenda kukaa barabarani na magari. Katika visasili vya Kaskazini hakuna aliyejaalia: wanawake watatu, Urðr, Verðandi na Skuld, wanachonga katika mbao, na miungu yenyewe iko chini ya michongo hiyo. Naona "mchongo" lingeweza kujaribiwa kama istilahi, endapo halingekwisha kutekwa na vijana wa mjini kwa maana ya mpango wa kupata pesa. Kwa sasa "yaliyochongwa" ni salama zaidi.

Je, uhamisho wenyewe umefaulu? Matendo mawili ya kwanza yamefaulu, kwa sababu yana mjinga, na mjinga anaruhusiwa kucheka. Wagner aliiweka kazi hii kando mwaka 1857 mwishoni mwa tendo la pili, na hakuanza kulitunga la tatu mpaka mwaka 1869. Miaka hiyo 12 inasikika. Katika tendo la tatu Wotan anamwamsha Erda kumwuliza juu ya mwisho, kijana anauvunja mkuki wa babu yake bila hata kujua ni nani, na kicheko kinageuka ufidhuli. Mtu wa ngano akimtukana mzee njiani, tunajua ataadhibiwa au atasamehewa kabla ya jogoo kuwika. Siegfried haadhibiwi wala hasamehewi. Anapita tu, na kisasili kinaandika. Halafu, akiwa amemkumbatia Brünnhilde, anatamka kwa furaha kwamba hofu aliyojifunza hivi punde amekwisha kuisahau tena.

Wasikilizaji wengi huyapokea maneno hayo kama utani wa wapenzi. Mimi nayaona kuwa ndiyo tofauti yote baina ya Grimm na Wagner. Kijana wa ngano anajifunza mara moja, kwa visamaki, na hadithi inakwisha kwa sababu hana tena anachokitafuta. Siegfried anajifunza kwa moto na mwanamke, akasahau, na katika tamthilia ya nne mabinti wa mto Rhine wanapomwonya juu ya laana ya pete anawacheka: angewapa kwa mapenzi, kwa vitisho hatoi. Saa chache baadaye mkuki wa Hagen unaingia mgongoni mwake.

Tamthilia hiyo ya nne huitwa "Götterdämmerung", na wengi hulifasiri jina lake "Machweo ya Miungu". Wagner alilifuata neno kama lilivyo kwa Snorri, ambalo lina giza la jioni ndani yake. Umbo linalotumiwa zaidi katika mashairi ya Edda lina maana ya hatima ya miungu, nalo ndilo Ragnarök. Kwa hiyo "machweo" libaki kwa tamthilia na "hatima ya miungu" itumike kwa kisasili. "Kiyama" lisitumike popote katika habari hizi, maana siku hiyo ya Kaskazini haina hakimu: miungu na maadui zao wanauana, dunia inazama baharini, kisha inainuka tena ikiwa mbichi, na katika majani yake vinaokotwa vigae vya dhahabu vya mchezo ambao miungu waliucheza zamani.